Soksi na Nguo Isiyofuliwa

Katika nyumba ya Dobi, nguo chafu hailali. Ukivua shati, kabla hujamaliza kuoga limeshaingia kwenye karai. Dobi hufua, mkewe hupiga pasi. Watu humwita Mama Pasi, na jina limemkaa. Mwanamke huyu hata vitambaa vya kufutia vyombo huvipiga pasi!

Anaishi nao Bibi, mama yake Dobi. Bibi ni mcheshi, lakini siku hizi anasahau. Anaitafuta miwani, kumbe ameivaa. Akitoka nje kidogo, njia ya kurudi inampotea. Kwa hiyo nyumba nzima inaishi roho mkononi.

Ili Bibi apate mwenzake wa kukaa naye, Dobi alichukua mbwa kwenye kituo cha mbwa waliotupwa. Wakamwita Soksi, kwa sababu ya tabia yake. Aliiba soksi za wateja na za wenye nyumba, hakubagua. Ukimnyang'anya moja na kuificha, aliitafuta mpaka aipate.

"Nimechoka!" Mama Pasi alimwambia mumewe. "Jana mteja ameondoka na soksi moja. Nimwambie nini, aruke kwa mguu mmoja? Kesho mbwa huyu anarudi alikotoka."

"Mama atalia," Dobi alisema.

"Na mimi je, nacheka?"

Jirani yao alikuwa amefuata shuka zake, akayasikia hayo. Mama huyo alifundisha mbwa wa uokoaji, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alimtazama Soksi. Mbwa alikuwa anahangaika chini ya kabati, ambako soksi ilikuwa imeingia. Alijaribu upande huu, akajaribu upande ule, akarudi tena.

"Yuko hapo tangu saa ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu chai ya asubuhi. King'ang'anizi huyo!"

"Mama Pasi, mbwa wa namna hii ndio tunaowatafuta vituoni. Watu huwatupa kwa sababu hawatulii. Mbwa mvivu hunusa mara moja, akaenda kulala. Huyu hakati tamaa. Akifundishwa, atatafuta mtu aliyepotea, au aliyefukiwa na nyumba. Wenzake wengine hunusa baruti kwenye mizigo."

"Na mshahara wake?"

"Mchezo. Akipata, unamsifu na mnavutana soksi. Kwake hakuna malipo mazuri kuliko hayo."

Basi Soksi akaanza shule. Kwanza Mwalimu alificha soksi. Kisha Bibi alijificha nayo nyuma ya shuka zilizoanikwa, huku akicheka mwenyewe. Soksi akimpata, alibweka, nao wakacheza. Asipompata, hakupigwa wala kufokewa. Baadaye alifundishwa kunusa kitu cha mtu mmoja na kufuata harufu ya mtu huyo tu. Mwalimu alijivunia mwanafunzi wake. Hata Mama Pasi alianza kumsifia, ingawa kwa sauti ya chini.

Asubuhi moja, pasi zikiwa moto, Bibi hakuonekana. Hakuwa chumbani, hakuwa uani. Dobi alikimbilia kituo cha polisi kutoa taarifa. Mama Pasi alikimbilia kwa Mwalimu, machozi yakimtoka.

"Jua linapanda, Mwalimu! Hana hata maji ya kunywa!"

"Nipe nguo yake, Soksi anuse."

Mama Pasi alileta gauni la Bibi, limekunjwa vizuri, linanukia. Soksi alinusa, akachomoka mbio. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye karai la kufulia. Hapo akaketi, akabweka.

Mwalimu aliligeuza lile gauni. "Hili umelifua?"

"Sasa je! Nimpe mbwa nguo chafu ya mama mkwe wangu, mbele ya majirani? Si nitaonekana sina adabu?"

"Mama Pasi, kila mtu ana harufu yake, na ya Bibi umeifua. Soksi ametumwa kutafuta sabuni, ameipata. Lete kitu ambacho hakijafuliwa. Foronya, shuka, chochote."

Mama Pasi alishika kichwa. Foronya ilikuwa kambani. Shuka, kambani. Gauni la jana, kambani. Kwa mara ya kwanza maishani, alitamani angekuwa mchafu.

Ghafla alikumbuka. Alikwenda pale Soksi anapolala, akainua gunia. Chini yake kulikuwa na soksi ya sufu ya Bibi, ile waliyoitafuta wiki nzima.

"Usiishike!" Mwalimu alisema. "Vaa mfuko safi mkononi, usiiongezee harufu yako."

"Lakini mbwa mwenyewe ameilalia!"

"Harufu yake anaijua, haimchanganyi."

Soksi alinusa. Safari hii hata karai hakulitazama. Alipita madukani, akapita karakana ya seremala, akaingia kwenye nyumba ambayo haijamalizwa kujengwa. Akabweka, akabweka tena.

Bibi alikuwa ameketi ndani ya shimo la msingi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na midomo imekauka, lakini alikuwa mzima.

"Leo umechelewa," alimwambia Soksi. "Nimejificha vizuri, eh?"

Mama Pasi alishuka kwenye matope na gauni lake lililopigwa pasi, akamkumbatia mama mkwe wake na kulia kwa furaha. Pembeni, Mwalimu na Soksi walikuwa wanavutana soksi.

Siku hizi Soksi huenda kazini na Mwalimu na kurudi nyumbani kwao. Ameshawapata watu wengine. Na kwenye ukuta wa chumba cha kupigia pasi, mfuko safi umefungwa na kutundikwa. Ndani yake mna soksi moja ambayo Bibi aliivaa, na haijafuliwa.

"Mama Pasi, hiyo umesahau kuifua," mteja mmoja alimwambia.

"Iache hapo hapo," alijibu. "Hiyo ndiyo njia ya Mama ya kurudi nyumbani."