Kitenzi cha Fundi Makochi

Dukani kwa vitambaa, katikati ya msukumano wa wateja, watu wawili, fundi makochi na mshonaji wa nguo za harusi, walishika mahameli moja ya kijani.

"Dada, achia. Nina kochi liko uchi."

"Na mimi nina bibi harusi yuko uchi. Nani asitiriwe kwanza?"

Fundi makochi akacheka, akaachia. Miezi mitano baadaye, wajomba zake walikuwa waje Jumamosi kumposa mshonaji huyo kwa baba yake.

Alhamisi ujumbe wa fundi ukaingia kwenye simu ya mshonaji. Fundi alikuwa akisoma Kiingereza darasa la jioni, na kila neno jipya alimpelekea mpenzi wake. "Jana tulifundishwa 'loll'. Nikakuwaza wewe tu. Nimekutungia sentensi, nikaisoma mbele ya darasa."

Mshonaji akafungua kamusi yake ndogo: *kuacha ulimi ukaning'inia nje, kama mbwa*.

Tangu utotoni, akitunga uzi, ulimi humtoka pembeni mwa mdomo. Shuleni walimwita Mbwa. Siri hiyo alimwambia mwanamume mmoja tu, naye ameitangaza darasani.

Akapiga simu. "Waambie wajomba zako wasije."

"Kwa nini, kipenzi?"

"Waulize uliowachekesha darasani."

Akakata. Simu ikalia mara sita; hakupokea. Chumba cha pili mama yake alikuwa akipanga viti vya wageni, naye hakujua amwambieje.

Kabla ya saa kumi fundi alisimama mlangoni, shati limelowa jasho, kamusi nene kwapani.

"Umesoma nini, mpenzi?"

Akamwonyesha. Fundi akasoma, uso ukamshuka. "Hiyo sikuijua, wallahi. Sisi tulifundishwa hii." Akafungua kamusi yake.

Mshonaji akasoma taratibu, kidole juu ya mstari: *kujilaza kwa raha, viungo vimelegea*.

"Miezi mitano sijakuona umekaa hivyo," fundi alisema. "Kwangu unakaa ukingoni mwa kiti kama mdaiwa."

"Sentensi yenyewe ilisemaje?"

"'Mke wangu atajilaza kwenye kochi langu, na hakuna atakayemwinua.' Mwalimu akauliza, mke yupi? Nikamwambia asubiri Jumamosi."

Mshonaji aliinamia cherehani, akachelewa kuinua uso.

"Wajomba umeshawaambia wasije?"

"Sikuthubutu."

"Basi usiwaambie."