Mwezi wa Dukani

Kazi za Munira za jioni hazikubadilika: kuosha vyombo, kufungia kuku, kisha masomo. Wiki hiyo iliongezeka moja, nayo aliipenda kuliko zote. Mwalimu Isihaka wa sayansi aliwafundisha kutengeneza kisanduku cha kuchambua mwanga: boksi la viatu, mpasuo mwembamba upande mmoja, kipande cha CD ndani. Ukichungulia, mwanga unatawanyika kuwa rangi.

"Hivyo ndivyo wataalamu wanavyojua nyota zimeumbwa kwa vitu gani," alisema mwalimu. "Leo mwezi ni mpevu. Uangalieni, mchore mlichokiona. Mmoja wenu ataiwakilisha shule kwenye maonyesho kule Handeni."

Munira aliitaka safari hiyo kufa na kupona. Lakini wapi! Jioni mawingu yalitanda Masuguru yote, mwezi usionekane ng'o. Basi shetani akampitia. Akavuka barabara hadi dukani kwa mzee Natwarlal.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo unakagua umeme wangu?" mzee alimtania, akimwona ameelekeza boksi kwenye taa ya tyubu.

Munira alicheka kidogo, akachora haraka haraka. Chini akaandika: "Mwanga wa mwezi."

Asubuhi darasa lilimpigia makofi. Sabiri, aliyeleta karatasi tupu, alichekwa.

"Kulikuwa na mawingu, mwalimu," alisema. "Sikuona kitu."

Mwalimu Isihaka aliitazama karatasi ya Munira, akamwita pembeni. "Mwezi unaturudishia mwanga wa jua, na rangi zake hushikana kama za upinde wa mvua. Zako zimeachana, mistari mistari. Uliangalia nini, mwanangu?"

Munira alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusingizia boksi, lakini machozi yalimtangulia. "Taa ya dukani, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kawaambie waliokupigia makofi."

Akasimama mbele ya darasa, akawaambia. Hakuna aliyecheka.

Sabiri ndiye aliyechaguliwa. Iliuma, asikwambie mtu! Hata hivyo, mawingu yalipoondoka kesho yake, Munira aliuangalia mwezi wenyewe, akachora upya. Sabiri akaenda Handeni na michoro ya Munira yote miwili, mmoja wa taa na mmoja wa mwezi, watu wakaiona tofauti.

"Munira," mwalimu alimwambia, "mwezi ukiandama, mji mzima hufunga kwa kauli ya aliyeuona. Sayansi nayo ni ushahidi. Ukisema umeona, uwe umeona."