Ukurasa wa Machi

Philip Awiti alikuwa amelala chali kati ya meza mbili za maabara, miwani bado usoni. Kipande cha chuma kisichozidi kizibo cha soda kilikuwa kimemwingia shingoni. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumanne ya Septemba 1997, katika kiwanda kimoja cha dawa mjini Thika.

Inspekta Katunge aliinuka kutoka kando ya maiti, akautazama mtambo uliokuwa mezani. Pampu mbili ndogo, na bomba jembamba la chuma lililozungushwa kama springi ndani ya beseni la maji. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kiungo.

"Hiki ni nini?"

"Kazi ya Awiti," alijibu Kagwe, meneja wa kiwanda. "Tunatengeneza kemikali ambayo baadaye hugeuzwa kuwa dawa ya malaria. Kawaida huchanganywa yote kwa mara moja, kwenye tangi la lita mia sita. Yeye alitaka iundwe kidogo kidogo, ikipita kwenye bomba bila kukoma. Alisema hapo joto haliwezi kupanda ghafla."

"Na kwenye tangi hupanda?"

Kagwe alikohoa. "Liliwaka Agosti mwaka jana. Tulipoteza mfanyakazi mmoja, Swaleh."

Konstebo Mburu alimwita Katunge kando.

"Afande, vali ya usalama, ile ya kutoa presha ikizidi, imekazwa hadi mwisho. Ina mikwaruzo mipya ya spana. Na njia ya kemikali kutokea kwenye bomba imefungwa nusu."

Haikuwa ajali, basi. Watu watatu walikuwa na ufunguo wa maabara: marehemu, Kagwe, na msaidizi aitwaye Firdaus, ambaye asubuhi hiyo hakuja kazini.

"Bwana Kagwe, nionyeshe vali ya usalama."

Meneja alisogea mezani, akasita, akanyoosha kidole kwenye pampu. Vali hakuijua.

Ndani ya droo kulikuwa na daftari la Awiti. Ukurasa mmoja ulikuwa umechanwa. Katunge alipitisha penseli taratibu juu ya ukurasa uliofuata, na alama za kalamu zikajitokeza: *14 Machi 1996. Mtambo umekwenda kwa saa sita bila kusimama. Zao asilimia 91. Joto halikupanda.*

"Machi," alisema. "Miezi mitano kabla ya moto."

Kagwe alilitazama daftari.

"Nipe faili lote la Awiti."

Alilisoma palepale ofisini kwa meneja. Barua moja aliisoma mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Swaleh aliacha familia?"

"Mke. Ndiye huyo Firdaus. Tulimpa kazi baada ya mazishi."

Nyumbani kwake Gatongora, Ruiru, Firdaus alifungua mlango kabla hawajabisha. Ukurasa uliochanwa ulikuwa mezani, karibu na kikombe cha chai iliyopoa.

"Una haki ya kunyamaza, dada," alisema Katunge. "Utakalosema litaandikwa."

"Andikeni." Aliketi. "Amekufa?"

"Amekufa."

Firdaus alikisogeza kikombe kando.

"Wiki jana nilikuwa nanakili rekodi zake," alisema. "Nikakuta huo ukurasa. Mashine ilikuwa tayari Machi, na mume wangu akaungua Agosti. Mwaka mzima Awiti ananifundisha kazi, ananiita shemeji, na hajawahi kuniambia."

"Ukakaza vali."

"Jana jioni. Leo saa tano wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kuutazama mtambo. Nilitaka uharibike mbele yao, aaibike. Sikujua angeujaribu mapema, peke yake."

"Ulijua presha ingefika wapi?"

"Nilijua." Sauti ilikuwa ndogo. "Alinifundisha yeye mwenyewe kusoma geji."

Mburu aliacha kuandika. Katunge alifikiria kuiacha ile barua mfukoni. Lakini ingesomwa mahakamani, mbele ya watu. Aliiweka mezani.

Ilikuwa ya tarehe 2 Aprili 1996. Awiti alimwomba meneja asimamishe tangi kabla mtu hajafa, kwa kuwa mtambo mdogo ulikuwa tayari. Chini yake Kagwe alikuwa ameandika kwa mkono: *Hapana. Ukilizungumza na wafanyakazi, tafuta kazi kwingine.*

Firdaus alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Aliandika," alisema.

"Aliandika mara tatu. Hii ni ya kwanza."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Sijui. Labda aliona aibu kwamba alitii."

"Alikuja kwenye msiba wa Swaleh. Alikaa siku tatu hapo nje, hali chakula, haongei. Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza ale."

Katunge aliirudisha barua kwenye mfuko. Angemwita Kagwe kituoni na kumhoji, na faili lingeenda kwa mwendesha mashtaka. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Alijua mwenye kuandika 'hapana' kwenye barua huwa na wakili mzuri kuliko aliyeshika spana.

Firdaus aliinuka, akavaa buibui lake, akanyoosha mikono kabla pingu hazijatolewa.

"Mke wake, Dorine, yuko Kisumu," alisema. "Nani atampigia?"

"Mimi."

"Utamwambiaje?"

"Kwamba kumetokea ajali kazini. Mengine atayasikia taratibu."

Firdaus alitikisa kichwa.

"Mimi pia waliniambia hivyo, afande," alisema. "Yeye mwambie ukweli leo."