Habari Ambayo Redio Aliimeza

Akitoka shule, Redio hakupitia nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja hadi saluni ya mama yake, akatupa begi nyuma ya mlango na kushika ufagio. Kabla hajamaliza kufagia nywele chini ya kiti cha kwanza, wateja walikuwa wameshaanza kumchokoza: "Haya Redio, leo kuna habari gani?"

Alikuwa na jina lake kamili, lakini hata mwalimu wa darasa alikuwa karibu kulisahau. Mdomo wa binti huyu haukuwa na breki. Nani kateleza kwenye matope, duka gani limeshusha bei ya sabuni, mwalimu yupi anataka kuoa, yote yalifika saluni yakiwa bado ya moto. Mama yake, msusi hodari aliyeongea kidogo, alitabasamu tu na kuendelea kusuka.

Wiki moja, nesi wa zahanati alikuja darasani kwao. Aliongea waziwazi juu ya saratani ya matiti. Alisema uvimbe unapoanza mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu huupuuza. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kukisia. Mwanamke auzoee mwili wake, na akihisi uvimbe kwenye titi au kwapani, akiona ngozi imebonyea au chuchu inatoa majimaji, aende kupimwa mapema. Jumamosi kungekuwa na upimaji wa bure. Akawaomba wawaambie mama zao, shangazi zao na dada zao wakubwa.

Wavulana wa nyuma walikuwa wameanza kusukumana. Redio naye hakuwa mtu wa kupitwa na kicheko.

"Mama yangu hawezi kujipapasa," alisema. "Pesa zake zote anaweka humo kifuani. Atadhani anajiibia."

Darasa zima likaangua kicheko. Nesi alisubiri, akarudia siku na mahali, lakini sauti yake ilizama kwenye kelele. Redio alijiona bingwa.

Mchana ule alifika saluni na kumkuta mjomba wake amesimama juu ya kiti, anabadilisha taa. Wateja wakamwuliza habari kama kawaida. Redio akamtazama mjomba, akaliwaza lile neno la nesi, matiti, na ulimi wake mwepesi ukawa mzito. Atalisemaje mbele ya mwanamume? Akasema hakuna jipya. Mteja mmoja akacheka, akasema leo betri zimekwisha.

Alijiambia angesema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, Jumamosi ikaja ikapita, naye akaona mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Majuma machache baadaye alikuja kusukwa muuza mboga kutoka mtaa wa pili, akasimulia jinsi wanawake wa kwao walivyofurika zahanati siku ile. Alishangaa kwamba hapa hakuna aliyesikia, maana habari zilipelekwa na watoto wa shule. "Na nyie mna Redio humu ndani," alisema.

"Hata Redio hawezi kujua yote," mama akamtetea.

Maneno hayo yalimchoma Redio kuliko kofi. Aliinama akafagia mahali alipokwisha kufagia. Muuza mboga alipolipa, mama aliingiza mkono kifuani kutoa chenji. Mkono ukakawia humo, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Kuna nini, mama?"

"Kiuvimbe tu. Kipo siku nyingi, wala hakiumi."

Ufagio ulimponyoka. Hakiumi. Ndilo neno lile lile la nesi. Alilisikia vizuri siku ile, kisha akalicheka.

Alisubiri mpaka mteja aondoke. Mama alikuwa anaosha vitana. Redio akasimama karibu naye na kuanza kusema, na safari hii hakutia chumvi. Alieleza juu ya nesi, juu ya Jumamosi, juu ya mjomba kwenye kiti. Hata ule mzaha wa pesa aliurudia. Alitamani achapwe, labda angepumua.

Mama alifunga bomba. Akajifuta mikono kwa taulo.

"Wewe ulinificha habari," alisema, "na mimi nimeficha ugonjwa. Nilikihisi tangu mvua za mwanzo. Niliogopa, nikasingizia kazi. Bibi yako alikuwa akisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa lako tutaliongea. Lakini kesho saluni haifunguliwi, tunakwenda zahanati."

Nesi alimtambua Redio mara moja. Alimpima mama kwa mikono, akamwandikia kwenda hospitali kubwa. Huko walimpiga picha na kumchoma sindano kuchukua kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe. Siku za kungoja majibu Redio hakutangaza chochote. Alikuwa akimtazama mama akisuka, na kila mama aliponyoosha mkono, moyo wake ulimwambia, kosa ni lako.

Majibu yalikuja. Ilikuwa saratani, lakini ndogo, na haikuwa imesambaa. Mama alifanyiwa upasuaji, kisha akapewa dawa kali zilizomchosha na kumpukutisha nywele. Alijifunga kitambaa na kuwauliza wateja wake nani atamwamini msusi mwenye kipara. Walicheka. Redio alitoka nje akalia.

Siku moja walipokwenda zahanati, alimfuata nesi na kumwuliza lililokuwa likimla rohoni.

"Ningesema siku ile, mama asingeumia hivi?"

Nesi hakumdanganya. "Pengine matibabu yangekuwa haya haya. Majuma machache si mengi. Ila ungeweza kunyamaza mwaka, na hapo tungekuwa tunaongea mengine. Mimi nawafikiria wale wenzako waliocheka na wewe. Mama zao sijawaona bado."

Kesho yake Redio alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa. Alilitaja neno matiti bila kulizungusha. Wavulana wa nyuma wakaanza kusukumana. Akangoja, kama nesi alivyongoja, kisha akawaambia mama yake alikihisi wapi kile kiuvimbe: pale pale penye pesa. Hakuna aliyecheka. Juma lile nesi aliwapokea wanawake wengi, baadhi yao wakisindikizwa na watoto wa darasa hilo.

Miezi ilipita, daktari akasema matibabu yamekwenda vizuri, na mama akarudi kusuka polepole, nywele zake zikianza kuchipua. Mchana mmoja mjomba alikuwa tena juu ya kiti na ile taa yake isiyokoma kuungua. Mteja akauliza, "Redio, leo kuna habari gani?"

Redio akamtazama mjomba, kisha akasema yote: upimaji wa matiti, zahanati, Jumamosi hii, bure. Mjomba akashuka na kusema angemwambia mkewe jioni hiyo hiyo.

Mama aliweka kitana chini, akamvuta binti yake karibu.

"Mwili hauna neno la aibu, mwanangu," alisema. "Aibu ni kujua na kunyamaza. Sasa kamata ufagio."