Mzimu wa Nyumba ya Kina Lahtinen

Sikilizeni majirani, hasa ninyi mnaoishi na wazee ndani. Haya yametokea hapahapa mtaani kwetu Thunder Bay, Kanada, nyumba ya pili kutoka kwangu, na mimi Helmi nilishuhudia mwisho wake.

Nyumba ya Aili Lahtinen ilikuwa ya amani. Jumapili ungesikia harufu ya mkate wa iliki tangu barabarani, theluji imezolewa mlangoni, mwanawe Kalle amekuja kumwashia sauna, lile bafu la mvuke la uani. Aili alipopata kiharusi na miguu ikamgomea, Kalle aliacha chumba chake cha kupanga akarudi kumtunza. Mtaa mzima ulimsifu.

Kalle alipenda michezo ya kompyuta. Alishinda kwenye chumba cha chini, akicheza huku anajirekodi, kisha anapandisha video mtandaoni watu watazame. Sina ugomvi na hilo, wapo wanaoshinda baa. Ila jambo lenyewe lilimteka. Alitaka picha safi mpaka unyasi mmoja mmoja uonekane, na ili asipotezwe na kelele alivaa spika kubwa za masikioni, akivaa hasikii kitu kingine. Chakula alimpelekea mamake asubuhi na jioni. Katikati hapo glasi ya maji ikiisha, imeisha. Yeye aliamini mama amelala.

Halafu watazamaji wakaanza kumwuliza: huyo mwanamke anayeongea nyuma yako ni nani?

Alidhani wanamtania. Akairudia video, akaongeza sauti. Kweli, nyuma ya milio ya risasi palikuwa na sauti nyembamba, kama inatoka ndani ya ukuta. Ilisema maneno mawili asiyoyajua, ikanyamaza, ikayarudia. Nywele zikamsimama. Akageuka: mashine ya kufulia, viatu vya kutelezea barafuni vya marehemu babake, ukuta mtupu. Video iliyofuata, sauti ipo. Nyingine tena ipo, na sasa inakwaruza.

Angepanda ngazi hata siku hiyo moja tu! Hakupanda. Watazamaji walikuwa wanamiminika, wala si kwa ajili ya mchezo, wanamtaka mzimu. Wakampa jina, Bibi wa Ukutani. Wakamwigiza, wakamcheka. Uoga ukamtoka Kalle, akaanza kuikuza ile sauti kwa kompyuta ili isikike vizuri zaidi. Jamani, hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa Winnipeg kwa binti yangu aliyejifungua. Niliporudi nikaenda mchana kumjulia hali Aili. Kalle alinifungulia amechangamka, akasema mama kalala, tusimsumbue, akanivuta mkono mpaka chini.

"Shangazi, si unasema huamini mizimu? Kaa hapo. Hii nimeirekodi leo asubuhi."

Nikazivaa zile spika. Sauti niliitambua kabla ya maneno, na maneno yenyewe ninayajua tangu utotoni.

"Kalle, unajua anachosema huyu?"

"Nitajuaje? Lugha ya kuzimu hiyo."

"Ni Kifini. *Vettä, poika.* Anasema, maji, mwanangu."

Akaanza kucheka, kicheko kikamkauka mdomoni.

Aili hakuwahi kumfundisha Kifini. Enzi zetu, sisi watoto wa wahamiaji kutoka Ufini tulichekwa shuleni kwa lugha hiyo, tukaona bora tuwaepushe wanetu. Kiharusi nacho, kila alipoishiwa nguvu, kilimfutia Kiingereza kikamwachia lugha ya utotoni. Alikuwa anaita akiwa chumbani kwake, na bomba la bati linalosambaza hewa ya joto nyumbani linaichukua sauti mpaka kwenye tundu lililo juu ya meza ya Kalle, palipo na kipaza sauti. Kompyuta ilikuwa inamsikia siku zote hizo.

Tulipanda ngazi mbio. Aili alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, midomo imepasuka, macho wazi. Alikuwa hai. Kalle akapiga magoti.

"Mama, nimekuja. Niite tena, mama. Nimekuja."

Aili alimtazama, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hospitali walimwokoa, lakini kiharusi cha pili kilikuwa kimeichukua sauti yote. Hawezi kuita mtu tena.

Kalle alifuta video zote siku ileile. Lakini watu walishazinakili, wakazikatakata, wakazitilia muziki. Juzi tulikuwa kwenye foleni dukani, mimi na yeye, kabeba maziwa ya mamake. Simu ya mtu mbele yetu ikalia: *Vettä, poika. Vettä, poika.* Watu wakacheka. Kalle akaweka yale maziwa chini taratibu, akatoka nje. Nilimkuta ameketi kwenye theluji, ameziba masikio kwa mikono.

FUNZO

Ukikubali kumtunza mtu, mtunze mchana kutwa, si kwa sahani mbili. Vua hivyo vya masikioni, panda ngazi, mwulize anataka nini. Sauti ya mtu usiyejua shida yake usiigeuze mchezo wa kuwafurahisha wageni, kwa sababu ukishaipandisha mtandaoni huwezi kuishusha. Mama yako akiita leo, mwitikie leo.