Nilimpa Bwana Shimo Sauti ya Pacha Wangu

Wewe uliyeshika ukurasa huu, nisikilize taratibu. Sitakuharakisha, nawe usiniharakishe. Kuna kazi mbili lazima nikueleze kwanza, kazi yangu na kazi ya kaka yangu. Ukizielewa hizo, utaelewa nilichofanya... na kwa nini siwezi kukirekebisha.

Nina miaka arobaini na tatu, mke mmoja na watoto watatu. Naishi Kibondo mjini. Nyuma ya stendi nilikuwa na kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi na runinga kubwa, ambako watu huja kutazama mpira na muvi. Siku hizi kimefungwa. Kufuli niliweka mimi mwenyewe.

Tulizaliwa wawili, kijijini Gwarama. Kwetu Waha, pacha anayetangulia huitwa Bukuru na anayemfuata huitwa Butoyi. Mimi ni Butoyi. Bukuru alinitangulia kwa muda mfupi tu, lakini nilimwita kaka maisha yangu yote, naye aliniita mdogo wangu. Sura hatukufanana. Yeye alikuwa mfupi, mnene, mabega mapana kama mlango. Mimi ni mrefu na mwembamba. Tulichofanana ni koo. Mama akiwa jikoni hakuweza kujua ni nani kati yetu anayemwita.

Tulipokua, Bukuru alihamia Kasulu kuchimba visima. Visima vikambadilisha sauti.

Nikueleze. Kisima kinakula maneno. Ukiwa chini ukasema haraka, maneno yanagonga kuta na kufika juu yakiwa uji. Kwa hiyo mchimbaji husema polepole, kwa nguvu, akivuta mwisho wa neno. Bukuru alizoea hivyo mpaka mezani. Akiomba chumvi, ungedhani yuko futi arobaini chini ya meza. Tulikuwa tunamcheka nyumbani, naye akicheka pamoja nasi.

Alikuwa na mwito wake wa kazi. Kila baada ya ndoo kadhaa za udongo aliita, "Huko juu, mpooo?" Na mwenzake wa miaka mingi, Ezekieli, aliyeshika kamba, alijibu, "Tupo!" Ule haukuwa utani. Mwito ule ulieleza mambo mawili, kwamba kamba ina mtu, na kwamba aliye chini bado ana pumzi ya kuita. Akiita mara mbili mfululizo, maana yake ilikuwa moja tu... nivuteni sasa hivi.

Hili la mara mbili nililijua. Usije ukadhani sikulijua.

Sasa kazi yangu. Mimi nilikuwa natafsiri muvi. Unachukua filamu ya kigeni, unapunguza sauti yake kwenye kompyuta, unaweka kipaza sauti mdomoni na kuwasemea wote waliomo, mzee, binti, polisi, hata mbwa. Ukitafsiri vizuri, watu wanasahau kwamba wale Wazungu hawajui Kiswahili. Nilikuwa wa kawaida tu katika kazi hiyo. Flashi zangu zilinunuliwa na majirani, basi.

Kisha ikaja katuni moja ya familia yenye nguvu za ajabu. Baba anabeba magari, mama anapita ukutani, watoto kila mmoja na maajabu yake. Adui yao ni kijitu kifupi, kinene, kinachoishi chini ya ardhi na mashine ya kuchimba. Kina taa kichwani na majigambo mengi, lakini kila kikichomoza kuteka mji, kinapigwa. Ni adui wa kuchekesha, si wa kutisha.

Baba nilimpata, mama nilimpata. Kile kijitu kikanishinda. Nilijaribu sauti nzito, ikawa ya kawaida. Nilijaribu ya puani, ikawa ya kipuuzi. Nikazima kompyuta na kufumba macho, nikajiuliza, mtu wa chini ya ardhi anaongeaje?

Jibu nililijua kwa miaka mingi.

Nikamwita Bwana Shimo. Na kila kabla hajachomoza, ardhi ikianza kutetemeka, nikamfanya aite kutoka chini, "Huko juu, mpooo?"

Siku ya kwanza kuionyesha, kibanda kilijaa. Mwito ulipotoka, dereva mmoja wa bodaboda aliyekaa benchi la nyuma akajibu, "Hatupo! Tumeenda Kasulu!" Watu wakavunjika mbavu. Mara ya pili Bwana Shimo alipoita, kibanda kizima kikajibu kwa pamoja, "Hatupo!"

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nilikusanya wanaume kumi, nikawapanga mbele ya kipaza sauti, nikarekodi lile jibu na kulibandika ndani ya muvi. Sasa hata anayetazama peke yake nyumbani aliambiwa namna ya kujibu. Unaona nilivyofanya? Niliwafundisha watu.

Kipande kile kilikatwa, kikaingia kwenye simu. Madereva wa malori walikifikisha mpaka Manyovu, mpakani na Burundi. Kiliingia kwenye kambi za wakimbizi. Watu wasiojua hata jina langu walianza kunisimamisha barabarani. Mimi, Butoyi, niliyekuwa wa pili tangu tumboni, nikawa mtu wa kutambuliwa.

Nacho kikafika Kasulu.

Huko walikuwa hawamjui mtafsiri. Walimjua mwenye sauti. Bukuru akipita na koleo begani, mtaa mzima unapaza, "Hatupo!" Akisimama kanisani kusoma somo, mabenchi ya vijana yanatikisika kwa kicheko kinachozuiwa. Mwalimu mmoja mgeni alimwita kupima eneo la kisima, akawatoa walimu wenzake nje ili wamsikie kwanza akisema ule mwito. Bukuru akausema, kwa heshima. Wakapiga makofi, wakarudi ndani, na kisima hakikuchimbwa.

Ezekieli naye akachoka. Watoto wake shuleni walikuwa wakiitwa wajukuu wa Bwana Shimo. Akamwambia kaka yangu, bila ugomvi, kwamba anarudi kulima. Hivyo ndivyo Bukuru alivyompoteza mtu wa kamba.

Alikuja Kibondo kuniona kwa basi la asubuhi, na mfuko wa maharage mapya kwa ajili ya watoto. Tukakaa kwenye benchi langu la mbele, kibanda kikiwa kitupu.

"Mdogo wangu," akasema, "ile sauti niachie."

"Kaka, watu wanakupenda. Umekuwa staa bila hata kujua."

"Wanampenda yule wa kwenye runinga. Mimi wananicheka."

"Hata mimi wananicheka."

"Wewe wakikucheka wanaingia ndani. Mimi wakinicheka wanaachia kamba." Akatazama mikono yake. "Hivi Butoyi, sauti zote za dunia, hukuona nyingine?"

Nikacheka kidogo, kwa aibu. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Basi kaka. Ikija sehemu ya pili, Bwana Shimo atakuwa na sauti nyingine. Na lile jibu nalitoa."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ile mikavu ya udongo. Akasema kwa sauti ile ile ndefu, "Nimekuamini."

Sehemu ya pili ikaja baada ya majuma machache. Nikampa Bwana Shimo sauti nyingine kama nilivyoahidi. Dakika ya kwanza tu watu wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu feki. Mlete mwenyewe." Mwingine akainuka, akatoka. Kisha watatu. Mwisho nilibaki na watu wanne na benchi tupu la nyuma, na nikaona aibu ambayo siwezi kukueleza... ile aibu ya mtu aliyezoea kutazamwa.

Kesho yake nikarekodi upya. Nikarudisha sauti ya kaka yangu, na lile jibu, mara tano zaidi ya mwanzo.

Kumsaliti ndugu kulinichukua asubuhi moja. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza.

Kiangazi kile maji yalishuka, na mwenye shamba mmoja nje ya Kasulu alitaka kisima chake kiongezwe kina. Bukuru hakuwa na kazi nyingine, akakubali. Kwa kamba akachukua wanaume wawili wa kijiweni, watu wazima, wenye nguvu, wasioijua kazi. Sitawataja. Si watu wabaya.

Hapa nikueleze tena, maana huenda ukamwokoa mtu. Ili kukausha maji, mwenye shamba alikuwa ameshusha pampu ya petroli ndani ya kisima tangu alfajiri, akaizima maji yalipopungua. Injini ikiunguruma shimoni, moshi wake hauna pa kwenda, unabaki chini. Bukuru aliteremsha mshumaa uliowashwa kupima hewa, kama alivyofanya siku zote. Mshumaa ukaendelea kuwaka. Daktari alinifafanulia baadaye kwamba moshi wa injini unaweza kumuua mtu na mshumaa usizimike. Bukuru hakulijua hilo. Akateremka.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua kali. Wale wawili wameniambia kila kitu, wakilia, na mimi sikuwakatiza.

Bukuru aliita, "Huko juu, mpooo?"

Wakajibu, "Hatupo!"

Akaita tena, papo hapo, "Huko juu, mpooo?"

"Hatupo! Tumeenda Kibondo!" Wakagongana viganja.

Kisha akasema neno moja, si kwa ile sauti ndefu. Alisema, "Jamani."

Wakakaa wakitabasamu, wakisubiri aendelee na mchezo. Walisubiri... walisubiri mpaka mmoja wao akaona kamba imelegea.

Watu husema pacha huhisi maumivu ya mwenzake. Nami nimelisikia hilo tangu nikiwa mdogo. Basi nikuambie ukweli, saa nne ile nilikuwa stendi nakula chipsi mayai, nikisimuliana na kondakta. Sikuhisi chochote. Niliomba hata kuongezewa kachumbari.

Tulimzika Gwarama. Ezekieli alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Baada ya kaburi kufukiwa, alinisogelea na kuniuliza, "Aliita mara ngapi?"

Nikasema, "Mbili."

Akatazama viganja vyake kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Akaenda zake, na tangu siku hiyo hatujaonana.

Nikadhani hapo ndipo mwisho. Sivyo.

Mama yetu ni mzee, macho yamefifia, muda mwingi yuko kitandani. Sikuwa nimemwambia habari za muvi. Alijua tu kwamba kisima kimemchukua mwanawe. Siku ya nane baada ya maziko nilikuwa nimekaa naye huko Gwarama, namenya ndizi. Nje ya dirisha mpita njia alikuwa na simu yake, sauti juu kabisa.

"Huko juu, mpooo?"

Mama akainua kichwa. Uso wake ukafunguka kama zamani, tulipokuwa tunarudi kutoka shule. Akasema kwa nguvu aliyokuwa nayo, "Tupo, mwanangu. Tupo, subiri." Akaanza kutafuta fimbo yake kwa mkono, ateremke kitandani.

Ndipo simu ikamalizia, wale wanaume kumi niliowapanga mwenyewe, "Hatupo!"

Mama akasimamisha mkono. Akanigeukia. "Butoyi, ni nani hao wanaosema hawapo?"

Kisu kilikuwa mkononi, ndizi nusu imemenywa. Akauliza tena, na tena, mpaka akachoka. Na bado anauliza, kila ninapokwenda. Wakati mwingine ananiomba niite kama Bukuru, maana anajua koo letu ni moja. Nafungua mdomo... inatoka pumzi tu. Ile sauti nilikipa kijitu cha katuni, na sasa sina hata ya kumpa mama yangu.

Nilifuta kila flashi niliyokuwa nayo. Nilipita maduka ya Kibondo, nikaenda na Kasulu, nikiwaomba wenye maduka wafute. Wengi walinihurumia na wakafuta. Lakini kilicho kwenye simu za watu hakirudi. Juzi nilikisikia tena, stendi, kwa mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake.

Sikukuandikia ili unihurumie. Nimekuandikia kwa sababu najua wewe una kipaji fulani cha kuchekesha watu, wengi wetu tunacho, na ni kitu kizuri, kitumie. Ila kabla hujaigiza namna mtu anavyoongea au kutembea, muulize ile namna inamfanyia kazi gani. Akikuomba uache, acha siku hiyo hiyo. Usisubiri sehemu ya pili.

Na kama nyumbani kwako anachimba mtu, usishushe injini shimoni, wala usimwache ateremke mahali injini ilipokuwa ikiunguruma. Kaa mdomoni mwa kisima, shika kamba. Akiita, jibu, "Tupo." Akiita mara mbili, mvute.