Nyumba ya Pongwe na Mwenyewe

Zuleha hakuwa ametimiza hata mwezi tangu ahamie kwenye nyumba yake mpya ya Pongwe, na tayari sakafu ya chumba chake ilikuwa na doa la maji lisilokauka. Analipiga deki, linarudi. Na maji yenyewe, jamani, yalinuka ubani!

"Zege bado bichi tu, dada," alisema Sabiri, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye fundi aliyeijenga.

"Na mkaguzi wa majengo aliuona msingi kabla hujamwaga zege?"

"Aliuona. Kasaini."

Zuleha akaamini. Angeachaje kumwamini mtoto aliyemlea kwa kumbeba mgongoni? Miaka kumi na tisa alikaanga vitumbua Ngamiani, akijinyima hata khanga mpya, ili apate pa kuzeekea.

Ijumaa, jua la utosi, kitu kikagonga chini ya lile doa. Ngo, ngo, ngo. Alipohama chumba kikamfuata, alipopanda kitandani kikagonga chini ya kitanda, na alipokimbilia barazani kikaja taratibu mpaka barazani, pale pale chini ya nyayo zake, na ule ubani ukamjaa puani hadi akahisi anavishwa sanda naye yuko hai.

Akamwita Bibi Mwanasiti, mganga wa Makorora. Akamwita na Sabiri. Bibi akafukiza chetezo, akaweka kiganja sakafuni, akanong'ona, "Toka kwa amani. Hapa pana mwenyewe."

"Sitoki," ikajibu sauti chini ya zege. "Nimekabidhiwa."

"Na nani?"

Safari hii, kutoka huko huko chini ya zege, ilijibu sauti ya Sabiri, na Sabiri mwenyewe kasimama mlangoni, mdomo kaufumba. "Mkaguzi akikiona kisima hiki cha kale atasimamisha kazi. Ewe uliye humo, acha kuniporomoshea mtaro wa msingi, nifukie nimalize. Nakupa mwenye nyumba."

Zuleha akamgeukia. Moyo ulimkatika. "Ulinitoa mimi, Sabiri?"

"Dada, nilidhani ni maneno tu... Mkaguzi sikumwita. Angenisimamisha."

"Mimi! Niliyekuachia sahani yangu nikalala njaa!"

Bibi Mwanasiti akatikisa kichwa. "Ahadi iliyotolewa kwenye msingi siiwezi, mwanangu. Kinamtaka mwenye nyumba, na hakitaondoka bila yeye."

Zuleha akalia mpaka machozi yakaisha. Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa funguo, akazitia mkononi mwa Sabiri na kumfumbatisha.

"Bibi, shuhudia. Nyumba hii nimempa mdogo wangu. Ni yake tangu saa hii."

"Dada, usinifanyie hivyo!"

Alitoka pekupeku, Bibi nyuma yake, na mlango ukajibamiza. Chini ya nyayo zake palikuwa kimya. Ndani, kule nyuma, ngo, ngo, ngo, na Sabiri akihangaika kuuvuta mlango usiofunguka, akipiga kelele, "Da Zule! Da Zule!" Ndilo jina alilomwita tangu utoto, na Zuleha hakuwahi kulisikia asiitike. Leo hakuitika.